Vyeti vya tovuti vinaishi siku chache: ufunguo tumpe fundi ao akili bandia?

Pengine wewe pia ulishakutana na ule ukurasa wa onyo. Unafungua tovuti ya redio ao ya shirika fulani kwenye simu, na badala ya habari unaambiwa kwamba muunganisho wako si salama. Chini kabisa kuna maneno madogo ya kukuruhusu uendelee kwa hatari yako mwenyewe. Hapa Uvira wengi wanafikiri simu imeingiwa na virusi. Wengine wanasema ni serkali imefunga. Mara nyingi si hivyo. Ni cheti cha usalama cha ile tovuti kimefikisha tarehe yake na hakuna mtu aliyekifanya upya.

Jambo hili zamani lilikuwa dogo. Sasa linakuwa kubwa kwa sababu mbili zilizokuja karibu wakati mmoja. Wakubwa wa intaneti duniani wameamua vyeti viishi muda mfupi zaidi. Na wakati huohuo zimetokea programu za akili bandia ambazo haziishii kujibu maswali: zinaingia zenyewe ndani ya serveri na kuandika amri, na kuna watu ambao wameanza kuzikabidhi kazi hii ya vyeti. Kwa redio na mashirika ya kwetu, kuanzia Kamanyola na Sange mpaka Kalundu, Makobola na Baraka, ambako fundi wa serveri ni mtu wa kutafutwa kwa tochi, hatuwezi kulitazama jambo hili kwa mbali.

Cheti kinafanya nini

Cheti kina kazi mbili. Kinathibitisha kwamba serveri unayoongea nayo ndiyo yenye lile jina kweli, na kinasaidia kufunga maneno yanayopita kati ya simu yako na serveri, yasisomwe njiani. Tuseme msikilizaji mmoja wa Swima anaandika kwenye tovuti ya redio kwamba kuna watu wenye silaha wameweka kizuizi, wanatoza kila pikipiki, na anaacha namba yake ili mwandishi amwite. Kama tovuti haina cheti, mtu aliye kwenye Wi-Fi moja naye, ao yule anayesimamia mtandao ule, anaweza kusoma vyote: ujumbe, namba na jina. Kwetu huku kando ya ziwa kila mtu anajua namba ya simu ikianguka katika mikono fulani inaweza kumletea mwenyewe nini. Halafu Sheria ya dijitali ya inchi yetu, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inamtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Redio inayopokea ujumbe wa wasikilizaji imo ndani ya hiyo.

Cheti hakisemi kama habari ni ya kweli. Mtu anaweza kufungua tovuti ya uongo inayofanana na ya redio yako, akaipatia cheti kizuri kabisa. Ndiyo maana Chrome iliondoa ile alama ya kufuli mwaka 2023: watu walikuwa wanaiona wanafikiri imesema "amini." Kwa hiyo wale ambao bado wanafundisha watu kwenye mikutano "angalieni kufuli" wabadilishe somo.

Vyeti vinatolewa na mashirika ambayo Chrome, Firefox na Safari zinayaamini. Zamani ulilipa. Tangu mwisho wa mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt la Marekani linavitoa bure, kwa kawaida kila kimoja kwa siku 90. Namna yake ni hii: serveri yako inaomba, wao wanaijibu, kama kweli wewe ndiye mwenye hili jina, bandika karatasi hii mlangoni nije niione. Serveri inaweka faili ndogo fasi iliyoambiwa, wao wanakuja kusoma, wakiikuta wanatoa cheti. Hakuna mtu anayeulizwa kitambulisho. Ndani ya dakika moja mambo yameisha.

Shika vizuri hiyo habari ya mlango. Yeyote anayeweza kubandika karatasi mlangoni kwako, ao anayeweza kuwaelekeza wageni wako kwenye mlango mwingine, anaweza kupata cheti halali kwa jina lako.

Siku ambazo .cd ya Congo ilibaki bila mlinzi

Na si hadithi ya mbali. Tovuti zote zenye jina linaloishia na .cd zinategemea serveri chache zinazoelekeza dunia nzima: ukitafuta jina hili, pita huku. Baadhi ya serveri hizo zilikuwa chini ya jina scpt-network.com, la upande wa SCPT, kampuni ya serkali ya posta na simu. Mwaka 2020 muda wa jina hilo uliachwa ukapita. Hakuna aliyelipa. Mtafiti mmoja wa usalama, Fredrik Almroth, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Detectify ya Sweden, aliona kwamba jina liko njiani kuachiliwa. Akalifuatilia, na mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili 2020, lilipoachwa wazi kwa yeyote, akalinunua yeye kabla mwizi hajalinunua.

Kuanzia hapo mtu mmoja, aliye mbali kule Ulaya, alikuwa na uwezo juu ya karibu nusu ya maswali ambayo dunia inauliza kuhusu tovuti za Congo. Hakuutumia vibaya. Aliwajulisha wenyewe, na mwezi wa kwanza 2021 akaandika yaliyotokea, wakati waendeshaji wa .cd walikuwa wamekwisha kupitisha mambo kwenye jina lingine. Lakini alieleza waziwazi kile ambacho mtu mbaya angefanya, na moja ya hayo ni kujipatia vyeti halali kwa jina la tovuti yoyote ya .cd: benki, wizara, gazeti, shirika. Simu yako isingeonyesha onyo lolote.

Duniani iliwahi kutokea kwa ubaya. Mwaka 2011 kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi iliingiliwa, vyeti vya uongo vikatolewa, kikiwemo kimoja cha Google, na kikatumika kuwachungulia watu wa Iran waliokuwa wanasoma barua zao za Gmail. Kampuni ilikufa mwaka uleule.

Ukilinganisha hizo mbili, ya kwetu inashangaza zaidi. DigiNotar ilivunjwa na watu wajanja. Ya Congo haikuvunjwa na mtu. Ni tarehe tu ilipita.

Kalenda inabana

Kuanzia mwezi wa tisa 2020 cheti kiliruhusiwa kuishi siku 398, mwaka mmoja na kidogo. Mwezi wa nne 2025, kwa pendekezo la kampuni ya Apple, kundi la CA/Browser Forum, ambamo wanakaa watoa vyeti na wenye vivinjari, lilipiga kura kupunguza. Tarehe 15 mwezi wa tatu 2026 ukomo unashuka hadi siku 200. Tarehe hiyohiyo mwaka 2027 ni siku 100. Tarehe hiyohiyo mwaka 2029 ni siku 47. Let's Encrypt nao wametangaza kwamba siku zao 90 zitashuka hadi 45 kufikia mwaka 2028.

Sababu yao inaeleweka: ufunguo ukiibiwa, wizi wake uwe na maisha mafupi, jina likihamia kwa mtu mwingine, cheti cha mwenye zamani kisibaki kinatembea. Mimi sina ugomvi na hilo. Ninalouliza ni nani atakuwa anafanya upya kila baada ya wiki sita.

Kuna jingine ambalo redio nyingi hazikuliona. Tangu tarehe 4 mwezi wa sita 2025, Let's Encrypt wameacha kutuma zile barua za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha. Yule aliyekuwa anategemea barua, sasa atakumbushwa na wasikilizaji wanaopiga simu kwamba tovuti imekufa.

Tusijidharau, wakubwa pia inawakuta. Mwezi wa kumi na mbili 2018 wateja zaidi ya milioni 30 wa mtandao wa O2 na wenzao huko Uingereza walikaa siku nzima bila intaneti ya simu, kwa sababu cheti kimoja ndani ya programu ya Ericsson kiliisha muda. Mwezi wa nne 2023 Starlink ilikatika saa kadhaa, na Elon Musk mwenyewe akasema ni cheti cha kituo cha chini kilichoisha. Hao wana mafundi wa kuajiri wanavyotaka.

Sasa rudi Uvira. Mwezi wa kumi na mbili 2025, wapiganaji wa AFC/M23 walipoingia mjini, maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi na wakaaji waliobaki walikuwa wanatafuta kila habari: mpaka uko wazi ao umefungwa, njia gani inapitika, nani amesema nini. Katika siku za namna hiyo fundi anaweza kuwa amekimbia, simu yake imezimwa, na namba za siri ziko kichwani mwake. Serveri yenyewe haina shida, mara nyingi iko Ulfaransa, Ujerumani ao Marekani, haijui kama SNEL imekata umeme Mulongwe. Ila cheti kikiisha siku hiyo, wanaofungua tovuti ya redio wanaona onyo, na wanaofungua ukurasa wa uongo wa mtu mwingine hawaoni kitu. Baya kuliko hilo, watu wanazoea kubonyeza "endelea." Aliyezoea kuendelea kwenye tovuti yako ataendelea na kwenye ya mwizi.

Programu inayoandika amri yenyewe

Kazi ya vyeti inafanyiwa ndani ya lile dirisha jeusi la amri, lisilo na picha wala vitufe. Hapo ndipo mafundi wachanga wanaogopa. Mwaka 2025 zilitoka programu za akili bandia zinazokaa ndani ya dirisha hilo: Claude Code ya Anthropic, Codex ya OpenAI, Gemini CLI ya Google. Unaandika kwa maneno ya kawaida, hata Kiswahili ao Kifaransa: "tovuti yetu inaonyesha onyo tangu asubuhi, angalia cheti, niambie shida iko wapi." Programu inaandika amri, inasoma jibu, inaandika nyingine. Inaona tarehe ya cheti, inafungua daftari la makosa la serveri, inakuta kwa mfano kwamba jina bado linaelekea serveri ya zamani, ao mlango namba 80 umefungwa, ao diski imejaa. Kisha inapendekeza dawa.

Nitasema ukweli: kwa kusoma makosa, hizi programu zinasaidia sana. Ule ukurasa wa mistari mia mbili ya Kiingereza cha mashine ambao fundi wetu angeupiga picha na kumtumia rafiki yake Bujumbura ao Bukavu, akangojea siku mbili, unasomwa kwa sekunde chache. Na upande wa mega pia kuna faida ambayo watu hawaizungumzi. Dirisha la amri ni maandishi matupu, kwa simu yenye Termux linakula mega chache kuliko kufungua paneli yenye picha. Na kama programu imewekwa kwenye serveri yenyewe, mazungumzo yake na kampuni ya akili bandia yanapita kwenye intaneti ya serveri kule Ulaya. Wewe wa Kavimvira unatuma maneno mawili matatu tu.

Lakini faida hiyohiyo ndiyo mwanzo wa hatari. Ukiiweka kwenye serveri, umeiweka chumba kimoja na ufunguo wa siri. Cheti chenyewe si siri, kila mtu anakiona. Siri ni faili ya ufunguo inayokaa pembeni yake. Programu ikiifungua hiyo faili "ili kuangalia," yaliyomo yanatumwa nje, kwenye kampuni ya akili bandia, pamoja na mazungumzo mengine. Ufunguo uliotoka nje ni ufunguo wa kufuta, uombe mwingine. Tena mbaya zaidi ni pale unapoipa namba ya siri ya akaunti ya jina la tovuti ili ithibitishe kwa njia ya DNS. Aliye na namba hiyo anaweza kufanya kwa tovuti yako kile ambacho Almroth angeweza kufanya kwa .cd.

Kisha kuna haraka yake. Mtu akishindwa mara mbili anachoka, anakunywa chai, anafikiri. Mashine haichoki. Let's Encrypt inaruhusu vyeti vitano tu vinavyofanana ndani ya siku saba. Programu inayojaribu na kujaribu tena inaweza kumaliza hivyo vitano kabla hujageuka, na ukitaka cha sita kwa majina yaleyale unaambiwa ungojee. Let's Encrypt wana serveri ya majaribio kwa ajili hiyo, na Certbot, programu inayotumika sana kuomba vyeti vyao, ina amri ya kujaribu bila kuchukua cheti cha kweli: certbot renew --dry-run. Iagize programu ianze na hiyo, na usiikubalie kingine mpaka umeona majibu.

Mwezi wa saba 2025 mfanyabiashara Mmarekani, Jason Lemkin, alieleza hadharani jinsi ajenti wa akili bandia wa Replit alivyofuta hifadhi yake ya data wakati alikuwa ameuambia usibadilishe chochote. Hii haikuwa kazi ya vyeti, lakini ni aina ileile ya programu yenye ruhusa ileile ya kuandika amri. Kwa kawaida programu hizi zinakuuliza kabla ya kila amri. Ila zina pia njia ya kuziambia zisiulize, na mtu aliyechoka saa tano za usiku anaichagua. Na hata zinapouliza, ukisha kubonyeza "ndiyo" mara thelathini, ya thelathini na moja huisomi.

Basi tufanyeje? Maoni yangu ni haya. Kazi ya kufanya cheti upya haihitaji akili, inahitaji saa. Certbot ikiwekwa vizuri kwenye serveri za Linux inaamka yenyewe mara mbili kwa siku, inaangalia tarehe, ikiona muda umebaki kidogo inaomba kipya. Kampuni nyingi zinazokodisha nafasi za tovuti zinafanya hivyo bila hata wewe kujua. Kulipa dola 20 kila mwezi, kwa kadi ya benki ambayo redio ya kijijini haina, ili akili bandia ifanye kazi ya saa ya mezani, ni kupoteza makuta. Wale walioandika wenyewe ratiba ya kufanya upya kila siku 60, kwa kuwa cheti kilikuwa cha siku 90, waibadilishe mapema: siku cheti kitakapokuwa cha siku 45, ratiba yao itakuwa inafika siku 15 baada ya mazishi.

Akili bandia iitwe pale saa imesimama na hakuna anayejua kwa nini. Iitwe kama fundi wa kupita: asome, aeleze, apendekeze, na mtu ndiye abonyeze. Ipewe jina la mtumiaji lisilo la mkubwa wa serveri, lisiloweza kufungua faili ya ufunguo. Na yale iliyofanya yaandikwe kwenye daftari la redio, la karatasi, kwa sababu mwezi ujao anayeketi kwenye kiti hicho anaweza kuwa mwingine.

Kuna tatizo ambalo akili bandia haitagusa kabisa. Tovuti nyingi za redio na mashirika ya huku zilifunguliwa na mradi fulani. Jina lilisajiliwa kwa barua pepe ya mtu wa mradi, malipo yalipita kwenye kadi yake. Mradi uliisha, mtu akaenda. Cheti kinaendelea kujifanya upya kila mara, kila kitu kinaonekana kizuri, mpaka siku jina lenyewe linaisha muda na hakuna anayeweza kuingia kwenye akaunti kulipa. Hapo hata ungekuwa na programu kumi. Kiongozi wa redio anaweza kuuliza swali hili kesho asubuhi kwenye mkutano wa wafanyakazi: jina la tovuti yetu limeandikwa kwa nani, linaisha lini, na barua ya kumbusho inaenda wapi?

Na kwa wale ambao simu zao zinaonyesha onyo kwenye kila tovuti, si moja tu, shida inaweza kuwa kwako. Simu ao ordinatere iliyozimika siku nyingi ikapoteza tarehe, ikawaka inafikiri tuko mwaka 2010, inaona vyeti vyote havijaanza. Rekebisha tarehe. Na simu za Android za zamani, zilizo chini ya toleo 7.1.1, tangu mwisho wa mwezi wa tisa 2024 zinakataa vyeti vya Let's Encrypt hata vikiwa vizima. Katika hizo, mpaka mwaka 2025 watu waliweza kutumia Firefox mpya, ambayo inabeba orodha yake yenyewe ya watoa vyeti.

Mwisho, kitu ambacho hakihitaji fundi wala malipo. Baada ya lile tukio la DigiNotar, ilianzishwa desturi kwamba kila cheti kinachotolewa kiandikwe kwenye daftari la wazi. Fungua crt.sh kwenye simu, andika jina la tovuti yako, utaona vyeti vilivyoandikwa humo kwa jina hilo, na nani alivitoa, na tarehe gani. Kama tovuti yenu inatumia Let's Encrypt peke yake na unakuta cheti cha mtoaji mwingine mliyekuwa hamjawahi kusikia, anza kwa kuuliza kampuni inayokodisha serveri kama ni wao. Wakisema si wao, badilisha namba zote za siri za akaunti ya jina siku hiyohiyo.